Sura ya Nane: Mahali Ndege ya Kitale Ilipokomea

Mtu wa Kinangop akipelekwa kwenye kilima cha Buyangu atauliza kilima chenyewe kiko wapi. Sisi tuliokulia Kabras tumelizoea jina hilo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limelikubali, lakini huo ni mwinuko tu unaochomoza juu ya msitu wa Kakamega upande wa kaskazini. Mzee wa fimbo akianza asubuhi hufika juu akiwa bado na pumzi ya kusimulia. Unashukia Kambi ya Mwanza kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, unapanda boda boda hadi lango la hifadhi, unalipa kiingilio, na kilichobaki ni miguu.

Sura hii inahusu kilima kingine, kirefu zaidi ya mara mbili ya hiki, kilicho ng'ambo ya Bonde la Ufa, ambako ndege iliyotoka Kitale iliishia mwaka 2018. Naianzia Buyangu kwa sababu ya mawingu. Sijui mahali pengine magharibi mwa Kenya ambapo mtu anaweza kukaa juu ya jiwe na kuyaona yakizaliwa.

Asubuhi na mapema msitu wote chini yako umefunikwa na ukungu, na sauti za mbega zinatoka humo kama pikipiki zinazokataa kuwaka. Jua likipanda, ukungu unaondoka, na upande wa mashariki ukuta wa Nandi unasimama wazi toka kusini hadi kaskazini. Kufikia saa tano kuna vijiwingu vyeupe juu ya ukuta huo. Saa nane vimeshakuwa vyeusi chini, na wenye mahindi uani wameanza kuyaanua bila kuambiwa na redio. Sababu ni ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Victoria, kwa hiyo hewa ya ziwani huvutwa kuja bara ikiwa imebeba unyevu. Hukutana na pepo za mashariki zilizotoka Bahari ya Hindi, na zote mbili zikisukumana penye miinuko ya Nandi hazina pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda hupoa, unyevu wake unageuka matone, na tunapata ngurumo, mara nyingine na mvua ya mawe. Ndiyo maana Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana msitu huu wa aina ya Kongo bado uko hapa, peke yake, mbali na ndugu zake.

Mtu aliyeitazama kazi hiyo kwa siku nzima huelewa kwamba mlima hutengeneza mawingu yake mwenyewe, na hujificha ndani yake saa zile zile za mchana ambazo watu wanataka kusafiri.

Juni 5, 2018, saa kumi na dakika chache alasiri, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ya kampuni ya FlySax iliruka kutoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu kumi, abiria wanane na marubani wawili. Haikupita juu ya Buyangu. Njia yake ilikuwa mashariki mwetu, nyuma ya ukuta wa Nandi. Saa kumi na moja na dakika chache ilipotea kwenye rada. Usiku huo familia zilikaa Nairobi zikisubiri habari. Kesho yake helikopta zilijaribu kupekua safu ya Nyandarua, ile ambayo ramani nyingi bado zinaiita Aberdare, lakini ukungu na mvua vilizizuia, na vikosi vya waokoaji vikapanda kwa miguu. Asubuhi ya Juni 7 mabaki yalipatikana kwenye Elephant Hill, juu ya Njabini, kaunti ya Nyandarua. Hakuna aliyepona.

Magharibi tuliifuatilia habari hiyo kwa namna yetu. Kitale ni mji wa jirani. Ni uwanja wa ndege wa mwalimu anayekimbilia kliniki Nairobi, wa mfanyabiashara wa mahindi, wa mtoto aliyekuja kuzika akitakiwa kazini kesho yake. Na swali lililokuwa kwenye kila matatu lilikuwa moja: mlima unaonekana kutoka Naivasha, kutoka Thika, hata kutoka ghorofa za Nairobi siku ya jua. Ndege inaugongaje?

Jibu nililipata kwa kuupanda.

Kwenda Njabini ukitoka Nairobi unapita barabara ya Nakuru hadi Flyover, unageuka kulia, na baridi inaanza kukujia kwenye vidole kabla hujashuka garini. Mji uko kwenye mita 2,600 hivi, mashamba ya viazi na kabichi yakifika mpaka ukingoni mwa msitu. Pale kituo cha msitu unaandikisha jina na kupewa renja mwenye bunduki, kwa sababu ndovu wa kilima hiki si jina tu. Kinyesi chao utakikuta katikati ya njia, kikiwa kimefuka mvuke kama una bahati mbaya.

Kwanza ni miti, kisha mianzi. Mianzi ni ya kuchosha kuliko inavyosimuliwa: njia ni mfereji wa matope, mizizi inateleza, huoni mbele zaidi ya mtu aliyekutangulia. Kuna mahali wapandaji wamepabandika jina la Kukata Tamaa, na wanaopafikia wakitabasamu ni wale waliozaliwa Kinangop. Halafu ghafla mianzi inakwisha, na uko juu ya mstari wa miti.

Hapa ndipo nchi inapobadilika kabisa kwa mtu wa Kakamega. Nyasi zimeota kwa mafungu magumu, kila fungu likifika magotini, na kati ya fungu na fungu kuna maji yaliyojificha yanayoingia kiatuni. Vichaka vya erika vimevaa ndevu za kuvu za kijivu. Lobelia zimesimama moja moja, ndefu kuliko mtu, na senesio zenye majani mapana ambayo usiku hujikunja kuulinda moyo wa mmea usigande. Mimea hii huishi kila siku kiangazi cha mchana na kipupwe cha usiku. Hakuna ndege anayelia kwa makeke kama kulukulu wetu wa Buyangu. Upepo ndio unaosema.

Mgongo wa kilima unakwenda kwa vipande, kila kipande kikikudanganya kuwa ndicho kilele. Ukigeuka nyuma unaona bwawa la Sasumua linalopeleka maji Nairobi, na magharibi, mbali chini, Ziwa Naivasha. Siku ile nilipanda na renja kijana ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulipofika kwenye mwamba mmoja ulioinama alisimama.

"Mzee, ukungu ukifika hapa kwenye jiwe, tunarudi. Hata kilele kikiwa hatua kumi."

"Na ukitukuta kule mbele?"

"Tutakaa chini tungoje. Hapa kwa ukungu haumtafuti mtu kwa macho. Unamtafuta kwa sikio."

Saa ilikuwa haijafika nne na kulikuwa kweupe. Nilidhani anatia chumvi. Kabla ya saa sita wingu lilikuwa limepanda kutoka upande wa mashariki, likavuka mgongo wa kilima kwa kasi ya mtu anayekimbia, na yule renja aliyekuwa mbele yangu akawa kivuli, kisha akawa sauti ya buti.

Ukiwa ndani ya wingu hilo ndipo hesabu inapokuwa na maana. Wanahewa hupima kimo kwa futi, na Elephant Hill ina mita karibu 3,600, yaani futi kama 11,800. Kilele cha Kinangop, kaskazini zaidi kwenye safu hiyo hiyo, kina mita 3,906, futi 12,800 na ushei. Satima, baba yao, kinapita mita 4,000. Sasa chukua ndege ndogo kama Caravan. Injini yake ina nguvu za kutosha, lakini chumba chake hakikujengwa kuzuia hewa: hewa anayovuta abiria ni ile ile ya nje. Kwenye kimo cha Elephant Hill kila pumzi ina karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ya Mombasa, jambo ambalo mapaja yangu yalikuwa yamelitambua kabla ya kichwa. Kwa hiyo ndege za namna hiyo hupenda kukaa futi elfu kumi, elfu kumi na moja. Kimo hicho kinapita juu ya karibu kila kitu kati ya Kitale na Nairobi. Hakipiti juu ya Nyandarua.

Kisha kuna kuteremka. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya bahari. Kutoka Elephant Hill hadi pale ni chini ya kilomita 100, mwendo wa robo saa kwa Caravan. Maana yake ni kwamba sehemu ya safari ambapo ndege ingependa kuanza kushuka iko jirani na sehemu ambapo ardhi imeinuka kuliko kwingine kote njiani. Ukienda moja kwa moja kwenye ramani, mstari wa Kitale hadi Nairobi unapita upande wa Naivasha na kuiacha safu kushoto. Ukisogea mashariki kidogo tu, iwe kwa kukwepa ngurumo au kwa sababu nyingine yoyote, safu iko mbele yako.

Chombo cha kupimia kimo hakikusaidii sana hapo. Kinasoma kanieneo ya hewa na kukupa kimo chako juu ya bahari, na kinaweza kuwa sahihi kabisa huku jiwe likiwa mbele ya pua. Upepo nao una hila zake. Pepo za mashariki zikishavuka mgongo wa safu humwagika upande wa pili kuelekea chini, kwa hiyo ndege inayoujia mlima kutoka magharibi inaweza kusukumwa chini na hewa pale pale inapohitaji kupanda. Na rada ya Nairobi huona kwa mstari ulionyooka: kilicho nyuma ya mlima, rada haikioni.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa alasiri ile. Hiyo ni kazi ya wachunguzi wa ajali za ndege, si ya mpanda vilima. Nasema tu kwamba baada ya kusimama pale, swali la matatu lilinitoka. Mlima unaoonekana kutoka Thika siku ya jua si mlima ule ule saa kumi na moja jioni mwezi wa Juni.

Wala si ajali ya Kenya peke yake. Wenye taaluma wana jina la aina hii: ndege nzima, injini zake zikifanya kazi, rubani akiiongoza, inaingia ardhini bila mtu kujua mpaka sekunde za mwisho. Desemba 1, 1974 ndege ya TWA ilifanya hivyo kwenye kilima cha Virginia, Marekani, ikikaribia kutua jirani na Washington, na watu 92 wakafa. Baada ya hapo serikali ya huko ililazimisha ndege kubwa za abiria zibebe kifaa cha kuonya kuhusu ardhi, ambacho mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, alikuwa amekitengeneza miaka michache kabla. Kifaa hicho cha kwanza kilikuwa na upungufu ambao mpanda mlima anauona mara moja: kilitazama chini, hakikutazama mbele. Ukuta wa jiwe haukuwahi kuwa chini yako mpaka umeshachelewa. Suluhisho lilikuwa kukipa kifaa ramani ya dunia yote, kijue milima ilipo kabla ya kuifikia. Ramani nzuri kiasi hicho hazikuwa zikiuzwa dukani. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, Bateman akanunua ramani za kijeshi zilizochorwa na Wasovieti kwa siri, za nchi chungu nzima, na kutoka humo kikazaliwa kifaa ambacho leo humpigia rubani kelele apandishe. Napenda kisa hicho. Ramani zilizochorwa kwa ajili ya vita zimeokoa watu wengi kuliko mikutano mingi ya amani.

Afrika Mashariki ina milima mirefu na ndege ndogo nyingi, kwa hiyo orodha yetu si fupi. Mei 18, 1955 ndege ya East African Airways aina ya DC-3, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mawenzi, kile kilele chakavu cha Kilimanjaro, na wote 20 waliokuwemo wakafa. Julai 19, 2003 ndege ya kukodi iliyotoka Nairobi ikiwapeleka watalii Samburu iliugonga Mlima Kenya kwenye Point Lenana, karibu mita 5,000, ikaua 14. Novemba 2008 ndege ndogo ilianguka Mawenzi ikiwa na Waitaliano wanne. Wote wanne walifariki na rubani akapona. Wanaovuka leo uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo hupita karibu na mabaki ya ndege, bati jeupe kwenye changarawe ya kahawia, na wapagazi huyaonyesha kwa kidevu bila kusimama. Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda, zikiwa njiani kwenda Somalia, ziliishia kwenye Mlima Kenya.

Huko kwetu magharibi tuna Busia, Januari 24, 2003, ndege iliyobeba mawaziri wakitoka kwenye sherehe za Moody Awori, ambapo Waziri wa Kazi Ahmed Khalif na marubani wawili walifariki. Hiyo haikuwa ya mlima. Ilikuwa ya uwanja mfupi na nyaya za umeme. Naitaja kwa sababu kila mtu wa rika langu akisikia ndege imeanguka, Busia ndiyo inayomjia kwanza.

Waingereza wamekuwa na muda mrefu zaidi wa kufikiri juu ya mabaki ya namna hii. Kwenye nyanda za Bleaklow, kaskazini mwa Uingereza, juu ya mji wa Glossop, kuna mabaki ya ndege kubwa ya kijeshi ya Marekani aina ya B-29 iliyoanguka Novemba 3, 1948. Wote 13 walifariki. Ilikuwa safari fupi tu kati ya kambi mbili, na ilipoanza kushuka kupitia mawingu ilikuwa bado haijavuka vilima. Bleaklow haifiki hata nusu ya kimo cha mji wa Kakamega, lakini ukungu haujali kimo. Injini na mabawa yamelala mpaka leo kwenye matope meusi, pana bamba la ukumbusho, na watu hupanda kila wiki kwenda kuyaona, wengine wakiacha misalaba midogo ya mbao. Tangu 1986 sheria ya nchi hiyo inakataza mtu kuvuruga mabaki ya ndege za kijeshi bila kibali.

Desturi hiyo naielewa, ila siitaki ihamie Elephant Hill kama ilivyo. Miaka 70 na ushei si sawa na miaka michache. Waliokufa Bleaklow wengi wao hata ndugu wa rika lao wameshatangulia. Waliopanda ndege Kitale wana watoto wanaosoma shule sasa hivi.

Kwa hiyo renja aliponyoosha mkono kuelekea ubavu wa kilima, na kuniuliza kama nataka tutoke njiani tushuke kule, nilikataa. Tulikaa kwenye nyasi tukala mayai na viazi vya kuchemsha, tukitazama upande ule wingu lilipofunguka. Alisema wengi wanaouliza huko wanataka picha, na kwamba kuna waliowahi kuomba kipande cha bati waende nacho nyumbani.

Hilo la bati ndilo lililonikaa. Kwetu magharibi, mtu akifia mbali na mwili usipopatikana, jamii kadhaa huzika shina la mgomba mahali pake. Majirani zetu Wajaluo wana tunda la yago, refu na zito, ambalo hulazwa kaburini badala ya mtu. Wageni huona ni mambo ya kizamani. Mimi naona ni watu wanaojua kwamba marehemu lazima awe mahali fulani, na kwamba mahali hapo pana wenyewe. Kuchukua kipande cha bati pale mtu alipokata roho, ukakiweka kabatini karibu na vikombe vya wageni, ni kuchukua kitu cha watu.

Nisingepinga alama. Bamba moja la chuma pale kwenye njia, si kwenye mabaki, lenye tarehe, mahali ilikotoka ndege, na idadi ya watu. Wapandaji wa Jumamosi wanaopita hapo kwa mamia wakipiga muziki mfukoni wangejua wanapita wapi. Renja hakukubaliana nami. Alisema bamba litawaleta wengi zaidi, na kati ya kumi, wawili watatoka njiani. Tulibishana mpaka kwenye mianzi, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Anayetaka kwenda aondoke Nairobi kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili awe ameanza kupanda saa moja. Renja ni lazima, si hiari. Viatu viwe vya kufunga, soksi jozi ya pili ziwe kwenye mfuko wa nailoni, na koti la mvua hata kama anga ni jeupe. Juni hadi Agosti ni miezi ya ukungu. Januari na Februari kuna nafasi nzuri ya kuiona Naivasha. Ukifika kwenye mgongo wa kilima na saa imepita sita, rudi. Kilele hakina kitu ambacho hukukiona chini yake.